Pamba ya Kasoli Ndani ya Viatu vya Mbio

Kabula mwanangu,

Nilipoteza vidole vitatu vya mguu wa kushoto miaka ishirini iliyopita, Jumapili moja ya mwezi wa tatu, kati ya kilomita ya kumi na tisa na utepe wa mwisho wa mbio za marathoni, kwenye baridi ya nyuzi saba chini ya sifuri. Wewe ulikuwa na mwaka mmoja na miezi minne. Umekua ukiambiwa kwamba ni theluji. Baba yako anasema theluji, bibi yako anasema theluji, na mimi nimesema theluji mara nyingi kuliko wote. Si theluji. Ni pamba. Pamba ya shambani kwetu Kasoli, niliyoishindilia kwenye viatu kwa mikono yangu mwenyewe.

Naandika hapa mashineni, saa kumi jioni. Umeme umekatika na mashine zote tatu za kusaga zimenyamaza. Wewe uko Kasoli unamuaga bibi yako. Gari lako linatoka stendi kesho saa kumi na mbili kamili asubuhi, na nataka uwe umesoma hii kabla hujalala. Sitakuandikia habari za kula, kusali, kufua wala kupiga simu nyumbani. Hayo una miaka ishirini na moja unayasikia. Kama hayajaingia mpaka leo, hayataingia kwa barua. Nakuandikia habari ya baridi, maana unakwenda kuishi miezi kumi kwenye nchi ambayo maji ya bomba yanaganda, na siku ya kumi na moja tangu utue watakupanga mstarini ukimbie kilomita ishirini na moja. Na nakuandikia nikiwa na hasira. Hasira zenyewe ni nyingi, nazo ziko kwenye foleni. Ya kwako ipo, lakini si ya kwanza.

Ya kwanza ni ya kiongozi wetu wa msafara. Sitamtaja jina, sina haja ya kumpa heshima ya kutajwa. Tulikuwa watu watano: viongozi watatu, wakimbiaji wawili, mimi na Neema wa Singida. Makoti mazito ya baridi yalikuja matatu. Piga hesabu mwenyewe. Sisi wawili tulipewa vesti, kaptula na trakisuti ya kitambaa cha kawaida, ile inayopitisha maji kama chujio. Uwanjani, kabla ya kupanda ndege, nikamwuliza kwa adabu:

"Mzee, na sisi makoti yetu yako wapi?"

"Binti, mkimbiaji ana jiko lake tumboni. Tutakaoganda ni sisi tunaosimama."

Wenzake wakacheka. Na mimi nikacheka, Kabula. Neema akanigeukia akaninong'oneza, "Wewe unacheka nini? Wameyavaa makoti yetu." Alikuwa ameona yeye. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne, natoka Kasoli, mara yangu ya kwanza kuona ndege imekaa chini, na mtu mzima akisema jambo nilicheka kwanza ndipo nikafikiri.

Wala sikuwa na wasiwasi, maana nilikuwa na pamba yangu. Wiki moja kabla ya safari bibi yako aliketi uani akatoa gunia dogo la pamba aliloficha msimu mzima, ile nyeupe kuliko zote, iliyopasuka kabla mvua haijaigusa. Siku mbili alichambua mbegu kwa vidole. Akaijaza kwenye foronya ya mto, akaifunga kwa kamba ya katani, akanipa.

"Mayu," akaniambia, ananiita hivyo anaponipenda sana, kana kwamba mimi ndiye mama yake, "watu wa huko wanavaa pamba, wanalalia pamba, na pamba hiyo hiyo wanakuja kuichukua kwetu. Wewe mwenye shamba ndiyo ukose? Weka kwenye viatu. Weka na kwenye glavu."

Niambie wewe, nani Bariadi angebisha? Sisi hapa pamba ndiyo iliyosomesha watoto, ndiyo iliyoezeka nyumba kwa bati. Mtoto akizaliwa anapokewa kwenye kitenge cha pamba, na mtu akifa anaondoka na sanda ya pamba. Kwetu kusema pamba ni mbaya ni kama kusema ng'ombe ni mbaya. Kwa hiyo asubuhi ya mbio, kule hotelini, nilijaza pamba mbele ya viatu, kisigino, na pembeni. Viatu vyangu vilikuwa namba thelathini na tisa. Baada ya pamba vikawa kama thelathini na nane. Nikavuta kamba nikakaza. Nikasimama mstarini nina joto zuri, najiona mjanja kuliko wazungu wote.

Hilo la kusimama na joto zuri lishike. Ukiwa mstarini unajisikia vizuri kama uko jikoni, umekosea tayari. Dakika kumi za kwanza lazima uone baridi kidogo, mwili ndio utakaokuongezea. Mimi kilomita ya sita nilikuwa nimelowa jasho mpaka kiunoni. Pamba ikanywa jasho lile. Pamba hainywi halafu ikatoa. Pamba inakunywa na kukaa nalo, ndiyo maana tunafutia nayo vidonda. Kilomita ya kumi na moja tukaingia barabara ya kando ya mto, theluji imeshakanyagwa ikawa tope la baridi, likaingia viatuni. Pamba ikanywa na hilo. Sasa nilikuwa nimefunga miguu yangu kwenye kitambaa kilicholowa, ndani ya kiatu kinachobana, kwenye upepo. Kilomita ya kumi na nne vidole viliuma mpaka machozi yakatoka, nayo yakaganda kwenye kope.

Kilomita ya kumi na tisa maumivu yaliisha. Yaliisha ghafla, kama mtu amezima redio. Unajua nilifanya nini? Nilimshukuru Mungu, kwa sauti, kwa Kisukuma. Nikaongeza mwendo.

Laiti ndugu, mwalimu, kocha au mtu yeyote angeniambia neno moja tu: maumivu yakiisha kwenye baridi, simama. Mguu unaouma ungali wako. Mguu ulionyamaza umeshaanza kuondoka. Neno hilo moja halikuwa na uzito kwenye sanduku la mtu, halikuhitaji koti, na katika watu watatu waliovaa makoti hakuna aliyelitamka.

Kilomita ya ishirini na nne Neema, tuliyekuwa naye bega kwa bega, akapunguza mwendo.

"Mguu wa kulia siusikii. Mimi nasimama."

"Neema, imebaki kumi na nane tu!"

"Hiyo kumi na nane kimbia wewe, dada. Mimi nakwenda kutafuta moto."

Akatoka barabarani akaingia dukani kwa watu, akavua viatu mbele za wateja. Mimi nikaendelea. Kutoka pale maumivu yalipoisha mpaka utepe nilikimbia kilomita ishirini na tatu na mita mia moja tisini na tano, saa moja na dakika arobaini, juu ya mguu ambao ningeweza kuuchoma msumari nisijue. Nilikuwa wa tisa. Kwenye basi kiongozi akasimama katikati ya viti, akamnyoshea kidole Neema: "Huyu mwoga ametutia aibu." Akanigeukia mimi: "Huyu ndiye mwanamke." Neema alikuwa ameweka miguu yake kwapani mwa mama mmoja mfanyakazi wa mbio, raia wa kule, wala hawakuwa na lugha ya kuelewana. Mimi nilikuwa najaribu kuvua kiatu cha kushoto na kilikuwa hakitoki.

Neema leo ana vidole kumi vya miguu, na alikimbia miaka mitano zaidi. Hesabu hiyo nimeipiga kila mwaka.

Zahanati walikikata kiatu kwa mkasi. Kulikuwa na kijana wa kwetu anayesoma kule, ameitwa kutafsiri. Daktari akavuta ile pamba, imekuwa ya kijivu, imeganda ngumu kama kokoto, akaiweka kwenye sahani ya bati ikalia.

"Anauliza nani alikuambia uweke hii," yule kijana akasema.

"Mama yangu."

Akanitazama. Kisha akamwambia daktari maneno machache.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia hujui."

Alinihurumia, najua alinihurumia. Lakini pale pale akanionyesha njia ya kupita, nami nimeipita miaka ishirini.

Tulipanda ndege ya kurudi vidole vikiwa vyeusi. Kiongozi akaniambia, nikiulizwa niseme nimejikwaa. Wiki ya sita hospitali ya huku nyumbani wakavikata: kile kidogo, na viwili vinavyokifuata. Taarifa ya msafara niliiona baadaye kwa mwalimu wangu wa zamani. Ukurasa mzima ulikuwa wa hoteli, chakula na shukrani. Habari yangu ilikuwa hivi: "Alipata majeraha madogo kutokana na uzembe wake binafsi." Nimeyahesabu. Maneno manane kwa vidole vitatu.

Na huyo mwalimu ndiye aliyenisomea fomu niliyojaza kabla ya safari. Ilikuwa na maswali kumi na tisa kwa Kiingereza, na mimi Kiingereza changu kilikuwa cha kusalimia. Nilitia alama ya hapana kwenye yote kumi na tisa, nikiamini hapana ndilo jibu la mtu mzima wa afya. Mwalimu akashuka taratibu mpaka la kumi na mbili, akaweka kidole.

"Hili linauliza, je, mwanariadha anayo mavazi ya kukimbilia kwenye baridi?"

"Nimejibu nini?"

"Hapana."

Jibu la kweli, Kabula! Nililitoa kwa bahati, kwa lugha nisiyoijua, na mtu akagonga muhuri juu yake bila kulisoma. Hasira ya muhuri ule ndiyo iliyoninunulia mashine hizi. Watu husema mimi ni mkali kwenye mizani na kwenye karatasi. Ndiyo. Hakuna karatasi inayopita mbele yangu nisiyoisoma mpaka mstari wa chini.

Nyumbani nako waliniandikia taarifa zao. Mmoja alisema wazungu wamevikata wakavichukua. Baba mdogo alisema ni adhabu ya kukimbia na kaptula mbele za wanaume. Mganga mmoja akamwambia bibi yako kwamba nimekanyaga kitu kilichotegwa na mtu mwenye wivu, akataka mbuzi mweusi, na bibi yako akampeleka mbuzi. Mimi nilikuwa nimelala ndani nasikia mbuzi akilia anavutwa kamba, najua kabisa kilichonikata vidole, na sikusema. Nilijiambia, nikisema nitamuua mama. Kwa hiyo nikamwacha amtuhumu jirani ambaye hakuwa amefanya chochote. Huyo jirani hawajasalimiana naye vizuri mpaka leo.

Usifikiri nakueleza haya unihurumie. Nilijifunza kutembea upya, maana vidole vidogo vile ndivyo vinavyokushika usianguke unapogeuka. Nikauza uji stendi, nikakodi mashine, nikanunua mashine. Huruma sina mahali pa kuiweka. Nakueleza kwa sababu ya mambo mawili uliyoyafanya mwezi huu, la kunifurahisha na la kuniudhi.

La kunifurahisha ni mnadani, pale kwenye marundo ya mitumba. Umeona mwenyewe kwamba nguo za baridi kali huku kwetu hazina mwenyewe. Yule kijana mwuza mitumba alikuwa anafunikia pikipiki na koti ambalo kule ungelipanga foleni. Ukainua fulana moja nzito ya mikono mirefu na jamaa akaruka:

"Dada, hiyo pamba tupu! Pamba asilimia mia, siyo maplastiki!"

Ukairudisha. "Ndiyo maana siitaki."

"Eti? Mtu wa Bariadi unakataa pamba? Mama, huyu binti umemwokota wapi? Watamfukuza mkoani!"

Wote pale wakacheka, na wewe hukucheka. Uligeuza lebo moja moja mpaka ukapata ile nyembamba isiyo na uzi wa pamba hata mmoja. Siku hiyo ulikuwa umeshaambiwa na kocha wako kwamba pamba haifai, nami nilisimama pembeni nikisikiliza. Alikwambia kwa nusu dakika. Nusu dakika!

Basi endelea hivyo. Ya kwanza mwilini iwe ile nyembamba inayosukuma jasho nje, ya juu iwe inayozuia upepo, na katikati uongeze au upunguze kwa jinsi siku ilivyoamka. Soksi za sufu, jozi moja, siyo mbili. Mbili zinabana, na kiatu kinachobana kinafunga damu kama kamba kwenye shingo ya gunia. Mbele ya kidole kikubwa pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Glavu zisizotenga vidole ni bora kuliko zinazovitenga, maana vidole vinne vikilala chumba kimoja vinapeana joto. Masikio yafunike. Mashavu na pua paka mafuta ya mgando. Ukitoka mazoezini anza kwa kuukabili upepo na urudi nao mgongoni, usifanye kinyume, maana kurudi umelowa jasho upepo ukiwa usoni ndiko kulikoua wengi. Kunywa hata kama huna kiu. Baridi inaficha kiu. Na ukimaliza, usisimame kupiga picha. Ndani ya dakika tano uwe umeshabadili nguo, soksi ndiyo ya kwanza.

Saa ya mkononi iamini huku, kwenye barabara ya Lagangabilili, kilomita kumi na mbili kwenda na kumi na mbili kurudi, jua likiwa ndilo hilo hilo. Kule wiki tatu za kwanza ivue. Kilomita unayoikimbia hapa kwa dakika tatu na sekunde arobaini, kule kwenye barafu na pumzi inayokata kifua inaweza kuchukua nne kamili, na wala hujashuka kiwango. Mwili unajifunza. Mimi mtu wa namba ndiye ninayekwambia hivyo.

Sasa la kuniudhi.

Wiki iliyopita nilikupeleka Nassa kwa wachuuzi wa samaki, kwa sababu mkoa huu hauna mahali pengine pa kumjaribu mtu kwenye baridi. Nilitaka ujifunze kufunga zipu na kamba za viatu vidole vikiwa vimekufa ganzi. Ukaingiza mikono kwenye kasha la barafu, nami nikaingiza yangu, nikatazama saa. Wale wamama hawakutuacha tupumue.

"Mama Kabula, unamgandisha binti umpeleke Mwanza kama sangara?"

"Mwache, huyo ni sato! Sangara hana miguu mirefu hivyo."

Ulicheka mpaka ukainama. Dakika ya nne tukatoa mikono. Yangu ilikuwa myekundu. Yako, vidole vitatu vya kulia na viwili vya kushoto, vilikuwa vyeupe kama nta, mpaka kwenye kiungo cha pili, na mpaka wa ule weupe ulikuwa umechorwa kama kwa rula. Damu ilirudi baada ya dakika ishirini na mbili. Yangu ilirudi baada ya tatu.

"Mara ya ngapi hii?" nikakuuliza.

"Ni kawaida tu, mama."

"Sikuuliza kama ni kawaida. Mara ya ngapi?"

"Tangu kambi ya Mbulu. Asubuhi asubuhi. Na miguu pia." Halafu ukanishika mkono. "Mama, usimwambie kocha. Wataniacha."

Sikukuahidi. Kumbuka vizuri, sikukuahidi chochote. Jumatatu nikasoma fomu yako iliyokuwa mezani, maana nimekwambia hakuna karatasi inayonipita. Swali la tisa: je, mikono au miguu yako hubadilika rangi au kufa ganzi kwenye baridi? Umejibu hapana. Mimi nilijibu hapana nikiwa sijui kusoma swali. Wewe umesoma hadi kidato cha sita. Swali umelielewa, jibu unalijua, na ukaandika uongo kwa mwandiko mzuri. Hapo ndipo hasira yangu yote ilipoacha foleni ikaja kwako.

Unajua unachowapa watu wale? Unawapa ile sentensi tayari imeandikwa. Uzembe wake binafsi. Safari hii itakuwa na sahihi yako chini. Kocha huyu si yule kiongozi wangu. Huyu amekwambia habari ya pamba, amekuuliza, amekupa karatasi yenye nafasi ya kujibu. Mimi ningempata mtu mmoja wa kuniuliza kwa lugha ninayoijua, leo ningekuwa nimekaa nimevaa kandambili mbele za watu bila kuficha mguu wa kushoto chini ya kiti. Wewe umempata, na unamfungia mlango.

Sikuambii hawatakuacha. Sijui. Pengine watasema subiri mwezi mmoja, daktari akuone, uanze taratibu, uanze na mbio za mwezi wa tano kukiwa na jua. Pengine watampa mwingine nafasi. Ikiwa hivyo utalia, nami nitalia na wewe, kisha Jumatatu tutakwenda barabara ya Lagangabilili. Mbio za kwenye joto ziko nyingi duniani. Weupe ule haukuzuii kukimbia, nimeuliza kwa daktari. Unakuzuia kukimbia bila mtu kujua.

Leo saa saba mchana nilimpigia bibi yako. Nilijua ungekuwa umeshafika, na nilijua, kama ninavyojua kesho kutakucha, kwamba ana kigunia anakichambua kwa ajili yako. Nikamuuliza. Akasema, "Nimeshaanza toka juzi, hii ni nyeupe kuliko ile yako." Nikamwambia, Kabula. Nikamwambia yote, kilomita kwa kilomita, mpaka ile sahani ya bati.

"Miaka ishirini," akasema. "Miaka ishirini unaniacha mjinga?"

"Mama, sikutaka kukuumiza."

"Na mtoto wa dada yako niliyempa alipokwenda shule ya kule kwenye baridi? Na wale wawili wa jirani wa upande wa pili? Ungeniambia ningeacha! Mbuzi wangu umemla wewe." Akakata.

Ana haki. Nilidhani namlinda, kumbe nilimwacha aendelee kugawa kile kilichonikata. Kimya changu kingekuwekea pamba begini leo hii. Hutarudi na foronya leo, na kama umemwona bibi amenuna, ameninunia mimi, si wewe. Nitakwenda Kasoli Jumamosi, na kwa yule jirani wa mbuzi pia nitapita, ingawa sijui nitaanzia wapi.

Kwa hiyo sina tena mdomo wa kukwambia ukae kimya, wala masikio ya kukisikia kimya chako. Namba ya kocha wako ninayo. Baba yako anasema nikuache uamue, wewe ni mtu mzima, na nimekubali nusu: nakuacha uamue nani atasema. Si kama itasemwa.

Kesho saa kumi na moja na nusu alfajiri nitakuwa jikoni nakutilia chai. Usiniletee maneno ya kawaida tu mama, wala tutaona nikifika, wala usinikumbatie badala ya kujibu. Nataka jibu moja. Ikifika saa kumi na moja na dakika thelathini na moja hujanijibu, nitapiga simu mimi, mbele yako, na kama utanichukia basi utanichukia ukiwa na vidole vyako vyote ishirini.

Utamwambia kocha habari ya weupe ule kabla hujapanda gari, ndiyo au hapana?

Mama yako